Mzigo uko njiani, pesa je?

Umepakia mahindi Kakamega, lori linaenda Nairobi, na mnunuzi anasema atalipa baada ya siku 60. Utangoja?

Kuna njia ya zamani: hundi ya biashara. Hii si cheki ya kawaida. Ni karatasi unayoandika kumwagiza mnunuzi alipe kiasi fulani, tarehe fulani. Akitia sahihi kwamba amekubali, unaipeleka benki pamoja na hati za mzigo. Benki ikiridhika, inainunua kwa bei ya chini kidogo, tuseme shilingi 97,000 kwa hundi ya 100,000. Mzigo ndio dhamana.

Benki nayo ikihitaji pesa? Huko Marekani, sheria ya 1913 iliyoanzisha benki kuu yao iliiruhusu kununua hundi kama hizi.

Lakini chunga: mnunuzi asipolipa, benki inaweza kukurudia wewe uliyeiandika. Kwa hivyo mjue mnunuzi wako, andikianeni makubaliano, na umwombe atume sehemu ya malipo kwa simu kwanza. Ujumbe ukiingia, angalia salio lako kabla lori halijaondoka. Ahadi si pesa.