Kupanda Mlima Longonot peke yako: maandalizi ya kufanya kabla ya kufika langoni

Na Mwandishi Wetu

Mlima Longonot, ulio katika Kaunti ya Nakuru takriban kilomita 90 kutoka Nairobi, hupandwa na kushukwa kwa siku moja. Mgeni wa hifadhi hiyo ya taifa, inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), halazimiki kukodi mtu wa kumwongoza, na wengi huupanda wakiwa peke yao. Urahisi huo ndio unaowafanya baadhi yao waufikie kana kwamba wamekwenda matembezi ya jioni.

Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3 hivi. Kuuzunguka ukingo ni kilomita 7.2 zaidi, kisha mtu hushuka kwa njia aliyopandia, hivyo safari nzima hupita kilomita 13. Kilele kina urefu wa mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwendo wa kawaida, ni kazi ya saa 5 hadi 6.

Mwandishi wa makala haya aliupanda akiwa na maji lita moja na nusu, viatu vya mazoezi vilivyolika soli na simu yenye chaji nusu. Alianza saa 4 asubuhi. Maji yalimwishia akiwa katikati ya mzunguko, naye alimaliza safari kwa hisani ya vijana waliomgawia yao. Ilikuwa Jumamosi, ndiyo maana walikuwapo.

Njiani hakuna bomba wala chemchemi ya kutegemewa, na ukingoni vivuli ni vichache. Upepo hukausha jasho kabla halijaonekana, hivyo mtu hupoteza maji bila kujua. Lita 3 kwa mtu mmoja ni kiasi cha busara, pamoja na pakiti ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, ndizi na karanga. Ni mzigo mzito asubuhi, lakini hupungua kila saa.

Jambo la pili ni muda. Karibu na ikweta jioni ni fupi: jua likishatua, giza huingia katika muda usiozidi nusu saa. Anayepanda peke yake hana mwenzake wa kumwambia “turudi”, kwa hiyo uamuzi huo sharti aufanye akiwa nyumbani, kabla tamaa ya kilele haijampata. Ikiwa saa 6 mchana imefika na mzunguko haujaanza, ukingo unatosha kwa siku hiyo. Tochi ya kichwani ibebwe hata na anayeamini kwamba hataihitaji.

Udongo wa Longonot ni majivu ya volkano. Wakati wa kiangazi hugeuka vumbi linaloteleza kama unga, na mvua imechimba mifereji katikati ya njia. Wengi huanguka wakati wa kushuka, magoti yakiwa yamechoka. Viatu viwe na soli yenye meno na viwe vimevaliwa siku kadhaa kabla ya safari. Viatu vipya huleta malengelenge. Fimbo ya kutembelea husaidia, na leso ya kufunika pua pia.

Koti jepesi la mvua linahitajika, hasa Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Ngurumo zikisikika, mtu auache ukingo mara moja, kwa kuwa huko juu yeye mwenyewe huwa miongoni mwa vitu virefu zaidi. Nyati wamo hifadhini, njia isiachwe.

Maandalizi yasiyogharimu chochote ndiyo yanayosahauliwa zaidi. Kabla ya kuondoka, mwachie ndugu au jirani ujumbe unaotaja njia utakayopita, saa ya kuanza, na saa ambayo, ukiwa hujapiga simu, atoe taarifa kwa askari wa hifadhi au kupitia nambari za dharura 999 na 112. Simu izimwe data ili chaji idumu. Kipenga nacho kiwemo mkobani: milio sita kwa dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, ni ishara ya kimataifa ya kuomba msaada milimani, na mtu aliyeteguka kifundo cha mguu anaweza kuipiga akiwa ameketi.

Ada ya kiingilio hulipwa kwa njia ya kidijitali wala si kwa pesa taslimu, hivyo ni vyema kuilipa usiku uliotangulia, mtandao ukiwa mzuri. Na anayeshuka salama asisahau kumpigia simu aliyemwachia ujumbe, askari wasije wakatumwa gizani kumtafuta mtu aliyeko kwake akila chakula cha jioni.