Likizo ya kiangazi iliyozaa insulini

WANAFUNZI wengi wa udaktari nchini Marekani hupata likizo ndefu mara moja tu, kati ya mwaka wa kwanza na wa pili. Hapo ndipo hutolewa nafasi za utafiti, aghalabu za wiki 8 hadi 10, chini ya uelekezi wa profesa.

Pasipo posho, mtoto wa maskini hulazimika kutafuta kibarua kwingine. Charles Best, aliyesomea udaktari baadaye, alianza bila ujira jijini Toronto mnamo 1921, baada ya kumshinda mwenzake Clark Noble kwa kurusha sarafu. Yeye na Frederick Banting walipata kwenye kongosho za mbwa maji yaliyoshusha sukari mwilini. Tuzo ya Nobel ya 1923 ilimpita Best. Banting alimgawia nusu ya fedha zake.