Kiti cha Mwanamke na Aliyekitoa

Katika kila kijiji cha wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, tangu Murusagamba inayopakana na Burundi mpaka Nyakahura na Runazi, mna Halmashauri ya Kijiji ambayo sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imeiwekea wajumbe wasiopungua 15 wala wasiozidi 25, na ambayo robo yao hawana budi kuwa wanawake. Siku ya uchaguzi, kama ule wa Novemba 27, 2024, mwanakijiji aliyetimiza miaka 18 humchagua mwenyekiti wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji chake, kisha wajumbe wa kundi mchanganyiko na wajumbe wa kundi la wanawake. Kundi hili la mwisho watu hulipita haraka, kana kwamba ni nyongeza iliyotiwa kwa ajili ya adabu tu; walakini kwetu sisi tunaosoma sheria za uchaguzi ni jambo la tunu, kwa sababu mwanamke aketiye humo, ingawa kiti chake kimetengwa na sheria na jina lake limeletwa na chama cha siasa, amekipata kwa kura za majirani zake wote, waume kwa wake, wanaomjua alivyo shambani, kisimani na msibani, na ambao muhula ukiisha wanaweza kumnyima.

Tukipanda ngazi kutoka kijijini, utaratibu hugeuka. Madiwani wa viti maalumu, ambao idadi yao ni kadiri ya theluthi, hawapigiwi kura na wakazi. Hutoka katika orodha za vyama. Na Bungeni ni vivyo hivyo. Ibara ya 66 ya Katiba yataka wabunge wanawake wa viti maalumu wasipungue asilimia 30, nayo ibara ya 78 yaeleza kwamba chama kilichopata walau asilimia 5 ya kura halali za uchaguzi wa wabunge ndicho kitakachopeleka majina kwa Tume ya Uchaguzi, na kugawiwa viti kwa kadiri ya kura zake. Viti hivi vilikuwa 15 tu mwaka 1985. Baada ya uchaguzi wa 2015, na tena baada ya ule wa 2020, vilikuwa 113. Hesabu imekua, wala si haba. Lakini ndani ya CCM, mathalani, atakaye kiti kwa Mkoa wa Kagera huwaendea wajumbe wa mkutano wa mkoa wa UWT, jumuiya ya wanawake ya chama hicho, na hao ndio jimbo lake hasa, watu wa kutosha ukumbi mmoja, ilhali mkoa una halmashauri nane na mama wa Rulenge, wilayani Ngara, asiye mjumbe hana kura hata moja katika shauri hilo.

Mbunge aliyepatikana hivyo huapa, hulipwa na hupiga kura Bungeni sawasawa na wenzake. Hata hivyo fedha za mfuko wa maendeleo ya jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, zina kamati ambayo mwenyekiti wake ni mbunge wa jimbo, naye wa viti maalumu hana fungu lake. Na ibara ya 51 ya Katiba humtaka Rais amteue Waziri Mkuu miongoni mwa wabunge waliochaguliwa majimboni; basi hata mwanamke wa viti maalumu awe na maarifa na busara namna gani, kiti chenyewe kimekwisha kumfungia mlango. Atakayesema kwamba hayo ni madogo na awatazame wanakijiji wanaomngoja mgeni rasmi kwenye zahanati isiyoezekwa: wa jimbo aja na mabati, wa viti maalumu aja na salamu na kile alichojaliwa katika mkoba wake mwenyewe.

Nisidhaniwe kwamba navibeza viti hivi. Katika chaguzi za 2010, 2015 na 2020, jimbo la Ngara lilimpeleka Dodoma Deogratias Ntukamazina, kisha Alex Gashaza, kisha Ndaisaba Ruhoro. Na Biharamulo ikampeleka Anthony Mbassa, kisha Oscar Mukasa, kisha Ezra Chiwelesa: wanaume sita, wala sisemi kwamba hawakustahili. Nchi nzima mwaka 2020, katika majimbo 264, wanawake walioshinda hawakufika 30. Bila ya viti maalumu, Bunge lingekuwa baraza la wanaume na wageni wao wachache. Kadhalika kiti hicho chaweza kuwa ngazi, maana Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kwa viti maalumu, na mwaka 2010 akasimama Makunduchi akachaguliwa na wananchi, kabla ya kuwa Makamu wa Rais mwaka 2015 na Rais mwaka 2021. Tatizo ni kwamba wengi hukaa katika ngazi hiyo muhula hata muhula, maadamu wapiga kura wao hawawadai hesabu ya Ngara wala ya Biharamulo.

Majirani wa Kagera wamelijibu swali la nani ampe mwanamke kiti kwa namna zao. Ng'ambo ya daraja la Rusumo, Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003 ilitenga viti 24 kati ya 80 vya Bunge kwa wanawake, wanaochaguliwa na wajumbe wa mabaraza ya chini. Na kwa kuwa vyama navyo viliweka wanawake katika orodha zao, mwaka 2013 walifika 51. Uganda kila wilaya ina mbunge mwanamke, ambaye zamani alichaguliwa na wajumbe, lakini tangu mwaka 2006 huchaguliwa na wapiga kura wote wa wilaya. Uganda, kwa maneno mengine, imekifanya kiti cha Bunge kifanane na kile cha kundi la wanawake cha kijijini kwetu.

Wako wasemao kwamba dawa ni jumuiya za kiraia. Hoja hiyo ina nguvu, na ushahidi wake wa mbali ni Marekani, ambako hakuna kiti cha kutengwa katika Bunge la taifa. Huko Jeannette Rankin wa Montana alichaguliwa mwaka 1916, wakati ambapo wanawake wa nchi nzima walikuwa bado hawajapata haki ya kura. Na mwaka 1920, haki hiyo ilipothibitishwa, Carrie Chapman Catt na wenzake wakaanzisha Chicago jumuiya ya wanawake wapiga kura, ambayo kanuni yake ni kufundisha uraia bila ya kumuunga mkono mgombea wala chama chochote. Waama, baada ya karne nzima ya juhudi hizo, wanawake katika Bunge hilo ni robo na ushei tu, kwa hiyo asijidanganye mtu kwamba elimu ya uraia peke yake hutosha.

Sisi tulijaribu jambo la namna hiyo, na aliyeliongoza alikuwa binti wa Kagera. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, UWT, ambayo tangu 1962 chini ya Bibi Titi Mohamed ilikuwa jumuiya ya wanawake wa nchi nzima, ilibaki kuwa ya wanawake wa CCM. Ndipo likazaliwa Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, mwenyekiti wake akiwa Profesa Anna Tibaijuka. Baraza likafundisha wanawake maana ya kura kabla ya uchaguzi wa 1995. Serikali ikalishutumu kwamba lajifanya chama cha siasa, ikalisimamisha mwaka 1996, na mwaka 1997 ikalifuta. Shauri likafunguliwa Mahakama Kuu, na hukumu ya kwamba kufutwa huko kulikwenda kinyume cha Katiba ilitoka mwaka 2009, insafu iliyochelewa kiasi cha kutomfaa tena aliyeidai. Mwaka uliofuata Profesa Tibaijuka aligombea Muleba Kusini, jirani na Biharamulo, akashinda, na akashinda tena 2015. Naye aliingia uwanjani baada ya miaka kumi ya kuongoza shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, sifa ambayo si rahisi kumtaka mjumbe wa kijiji cha Murusagamba awe nayo.

Rasimu ya Katiba iliyotolewa mwaka 2013 na tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza kila mkoa wa Bara na kila wilaya ya Zanzibar uwe jimbo lenye wabunge wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wote kwa kura za wananchi. Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014 liliuacha muundo huo, likaandika badala yake uwakilishi ulio sawa wa jinsia mbili, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 haikufanyika. Pendekezo la tume halikukosa ila, kwani jimbo la ukubwa wa mkoa hutaka gari na fedha nyingi, na wenye fedha aghalabu si wale wa kundi la wanawake kijijini. Lakini lau lingepita, mwanamke wa kuiwakilisha Kagera angelazimika kusimama mbele ya watu wa Rulenge na wa Nyakahura, akaeleza alichowafanyia, akangoja jibu lao.