Mpasuo wa sketi ya mwalimu

Sketi ya kijivu ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi ilirudishwa kwa fundi cherehani, Ngara mjini, kwa ajili ya mpasuo wa nyuma. Mwalimu mkuu, mwanaume, alitaka uzibwe. Mwenye sketi akamwomba fundi auzibe bila kuuziba.

Fundi ni mama aliyejifunzia kazi Biharamulo kabla ya kuolewa Ngara. Alinionyesha alivyofanya. Alikata kipande cha kitambaa kilekile, akakikunja na kukishonea nyuma ya mpasuo kiwe rinda la ndani. Mwalimu akisimama ubaoni, pindo linajifunga, huoni kitu. Akipiga hatua ndefu au akipanda bodaboda, rinda linafunguka, goti linapata nafasi na ngozi inabaki imefichwa. Juu ya rinda akapitisha uzi mara nyingi, maana hapo ndipo sketi huanzia kuchanika. Kwa nje hakuna kinachoonekana, kwa hiyo wateja wengi hawataki kuilipia kazi hiyo.

Kwa alivyoona yeye, mume akimsindikiza mkewe kupima nguo huangalia goti na nyonga tu: ni fupi? inabana? Mke akija peke yake hukaa kwanza kwenye kigoda, huinama kama anaokota chaki, kisha hunyoosha mkono juu aone kama blauzi itachomoka. Huuliza pia kama vumbi la njia ya Rulenge litajionyesha kwenye kitambaa hicho. Na wanawake wenyewe kwa wenyewe, anasema, hawasameheani: nguo ikiwa haikunyooka kwa pasi, tayari umeitwa mvivu, tena na mwanamke mwenzio.

Kanuni zipo: Waraka wa mavazi ya watumishi wa umma, Na. 3 wa 2007, tunaujua. Tunalijua pia la Juni 1, 2021 bungeni Dodoma: mbunge wa Nyang'hwale, Hussein Amar, alilalamikia mavazi, na Spika Job Ndugai akamtoa nje Condester Sichalwe wa Momba akabadilishe suruali. Wapo wabunge wanawake waliodai mwenzao aombwe radhi. Fundi aliiona picha ya Sichalwe kwenye simu. Yeye alitazama mshono wa kiuno, akaona suruali imekaa mahali pake.

Ana maswali, na mimi sikuwa na la kumjibu. Kwa nini heshima ya mwanamke ipimwe akiwa amesimama wima, wakati kazi yake ni kukaa, kuinama na kupanda pikipiki? Kwa nini ni yeye anayebeba kanga kwenye mkoba ajifunge njiani, na mwalimu wa kiume habebi kitu? Na kama suruali pana ingemaliza shida hiyo yote, mbona nesi akiivaa hakuna anayeshtuka, mwalimu akiivaa anaitwa ofisini?