Kahawa Yenye Maji Irudishwe Juani

Wakulima wengi wa Ngara na Biharamulo wanaujua uchungu huu: magunia yamefika chamani, mizani iko tayari, kisha karani anatikisa punje chache sikioni na kusema, "Bado. Ianikwe tena." Na ada ya shule ilikwisha hesabiwa katika magunia hayo! Je, karani ni mkatili? La. Natutazame sababu yake.

Kahawa ya maganda ikikauka barabara, punje hulia ndani ya ganda ukiitikisa. Ikinyamaza, maji yangalimo. Baada ya kukobolewa, kahawa hiyo husafiri baharini majuma mengi. Kwa hiyo mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Kahawa liliweka kipimo: kahawa safi ya kuuzwa nchi za nje isipungue maji asilimia 8, wala isizidi asilimia 12.5. Tena katika sampuli ya gramu 300, robusta isizidi kasoro 150, na arabika isizidi 86. Kasoro ni kama punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu.

Hapo huja kishawishi. Mtu husema, "Nitaichanganya na ile kavu." Hesabu yamkubalia: kilo 60 zenye maji asilimia 11, pamoja na kilo 20 zenye asilimia 15, wastani wake ni 12 kamili. Lakini ukungu haujui wastani. Ulioanza katika kilo 20 hautoki kwa kuchanganywa, bali harufu yake huenea. Tena ziko aina za ukungu ziachazo sumu, ambayo hata moto wa kukaanga hauimalizi yote.

Basi, njia ya haki ni hii. Tenga magunia yenye maji. Imwage kahawa juu ya chanja au turubai safi, itandaze nyembamba, igeuze mara nyingi kwa siku, na kuifunika usiku na wakati wa mvua. Iliyoota ukungu iondoe kabisa, maana jua halitaiponya. Pepeta uchafu, chagua mbovu kwa mkono. Mwisho pima tena, ukichota kidogo katika kila gunia, wala si katika lile la juu tu.

Hasara ni kiasi gani? Kilo 100 zenye maji asilimia 15, zikikaushwa hadi 12, hubaki kilo 96 na nusu hivi. Kilichopotea ni maji, si kahawa. Kumbe mwenye kuuza maji humtoza jirani yake, kwa kuwa magunia ya chama huuzwa pamoja, na bei ikishuka huwashukia wote.

Msimu ujao chumeni zilizoiva tu, msizianike juu ya udongo, na magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Kazi ya kurekebisha itakuwa ndogo sana.