Jina lisitufumbe macho tusomapo sanaa

Ukiambiwa kwamba mwanamke aliye mbele yako analia, yamkini utayaona machozi hata kama hayapo. Hayo ndiyo yaliyonipata mimi na wanafunzi wangu kwa sababu ya kipande cha marumaru kisicho na hata neno moja.

Kipande hicho kimo katika Makumbusho ya Akropoli jijini Athens, Ugiriki. Kilipatikana papo hapo Akropoli mwaka 1888, na wataalamu hukadiria kuwa kilichongwa karibu mwaka 460 K.K. Kimo chake ni takriban nusu mita tu. Kinamwonyesha Athena, mungu wa kike aliyekuwa mlinzi wa jiji hilo, akiwa miguu mitupu, kofia yake ya vita imesukumwa nyuma. Mkono wa kulia ameuweka kiunoni. Wa kushoto umeukamata mkuki anaouegemea. Ameinamisha kichwa kuelekea jiwe bapa lililosimama mbele yake. Basi.

Mchongo huu hujulikana kwa jina la ‘Athena Aombolezaye’. Miaka kadhaa iliyopita niliwaonyesha wanafunzi picha yake pamoja na jina hilo, nikawataka waeleze wanachokiona. Takriban wote waliandika juu ya huzuni. Mmoja tu aliandika kwamba Athena anasoma. Nilimkata alama. Mwaka uliofuata nililificha jina. Baadhi walisema amechoka, wengine anasubiri, wengine anasoma. Kilio hakikutajwa. Hapo ndipo nilipotambua kuwa nilikuwa nimemwadhibu mwanafunzi kwa kosa la kutazama.

Jina hilo hakulitoa mchongaji. Lilitolewa na wataalamu wa enzi zetu. Hata hivyo, hoja yao si ya kupuuzwa. Waathene walikuwa na desturi ya kuandika majina ya waliokufa vitani juu ya vibao vya mawe. Ikiwa jiwe lililo mbele ya Athena ni kibao cha aina hiyo, basi anawasikitikia wanawe.

Lakini vibao hivyo vilisimamishwa katika makaburi ya umma nje ya kuta za jiji, ilhali mchongo huu ulipatikana Akropoli, patakatifu pa miungu. Aidha, vyungu vya kale vya Wagiriki huwaonyesha waombolezaji wakijishika vichwa kwa mikono miwili. Mkono uliowekwa kiunoni si ishara hiyo. Na kichwa kilichoinama kidogo ni jambo la kawaida katika sanamu za kipindi hicho.

Kwa sababu hizo, wapo wanaolisoma jiwe lile kuwa alama ya mpaka wa eneo takatifu. Mawe ya mipaka yalikuwapo Athens, na mengine yaliandikwa kana kwamba yanazungumza yenyewe, yakimwambia mpita njia: mimi ndimi mpaka. Wengine hudai kuwa ni nguzo ya kugeukia katika mashindano ya mbio, na kwamba mchongo ulikuwa sadaka ya mshindi. Wengine tena huona orodha ya mali ya hekalu, naye Athena anaikagua. Jiwe halina maandishi leo, lakini Wagiriki walizipaka rangi sanamu zao. Yawezekana palikuwa na maneno ya rangi yaliyofutika.

Je, kila jibu ni sawa? La hasha. Anayesema kwamba Athena anapika hana pa kushika, maana mkuki na kofia ya vita vitamsuta. Mimi nauona mpaka kuwa na uzito kuliko maombolezo, kwa kuwa unaafikiana na mahali mchongo ulipopatikana. Lakini siwezi kuapa, na yule mwanafunzi wangu aliyesema Athena anasoma alikuwa na ushahidi wa macho yaliyoelekezwa kwenye jiwe.

Walimu wenzangu, hatari hii imo pia katika madarasa yetu ya fasihi. Mwanafunzi hununua mwongozo kabla ya kuifungua riwaya yenyewe. Mwongozo humwambia kuwa dhamira ni usaliti, naye huuona usaliti katika kila ukurasa. Anayeona jambo jingine huogopa kuliandika, kwa kuwa anajua msahihishaji ana jibu lake tayari. Hivyo tunawafunza vijana kukariri majina ya mambo badala ya kuyatazama mambo yenyewe.

Dawa si ngumu. Mwanafunzi atoapo tafsiri asiyoitarajia mwalimu, asiulizwe aliisoma katika mwongozo gani. Aulizwe: umeiona wapi? Akiweza kuonyesha kwa kidole, apewe alama zake. Asipoweza, arudi kutazama tena, na mwalimu wake atazame pamoja naye.