Nguo nyeupe haianzi na rangi nyeupe
Anayevusha majora ya vitambaa kupitia Nimule anajua kwamba marekani haina weupe wa karatasi. Wanaopaka rangi sanamu za askari za michezo ya vita ya mezani, zenye kimo cha milimita 28, hulisahau hilo. Chukua vita vya Rejaf, jirani na Juba, 17 Februari 1897, jeshi la Chaltin kutoka Kongo lilipowashinda wafuasi wa Mahdi. Hawa walivaa juba (naam, kama jina la mji) la pamba lenye viraka, alama ya ufukara na kuidharau mali. Ukilipaka jeupe tupu, mikunjo inapotea na askari anabaki kipande cha chaki. Anza na rangi ya mchanga, kisha ya maziwa. Nyeupe iguse mabega na kingo za mikunjo tu. Viraka usiviache: bila hivyo umechora mtu mwingine.